Kabla ya kuuliza chuma au alumini, niambie unabeba nini

Maneno haya niliyasema mbele ya wenye malori wa mtaji mdogo, wale wa gari moja au mawili, tulipokutana Dar es Salaam kuzungumzia ununuzi wa matela. Vijana waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wenye malori, na nyie vijana wa gereji mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: asanteni kwa kuniita. Mimi si mtu wa maikrofoni. Nimezoea kushindana na kelele za grainda, kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nimekasirika.

Swali mlilonipa limeandikwa hivi: kati ya tela la chuma na tela la alumini, lipi bora? Nimelisoma mara mbili nikacheka peke yangu. Ni sawa na mtu kuingia duka la viatu akauliza kati ya buti na kandambili kipi bora. Muuzaji mwenye akili atamuuliza, unakwenda wapi? Muuzaji mwenye njaa atamuuzia kile kilichomdodea.

Tuanze na mizani, maana huko ndiko alumini inakopatia jina. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo kwetu ilianza kushikwa kweli kweli Machi 2019, mnaijua kuliko mimi kwa sababu nyinyi ndio mnaolipa faini. Ekseli ya usukani tani 8. Ekseli mbili za nyuma za kichwa, yaani lile gari linalovuta tela, zenye tairi nane, tani 18. Ekseli tatu za tela, zenye tairi kumi na mbili, tani 24. Jumlisha, unapata tani 50. Ukiwa na ekseli saba mwisho wako ni tani 56, na hapo hata uongeze miguu kama jongoo huongezewi kitu.

Sasa pale Vigwaza mizani haibagui. Inapima kichwa, inapima tela, mzigo, dereva, utingo, na yale magunia ya mkaa ambayo utingo anaapa hajui yamefikaje pale. Kila kilo ya tela lenyewe ni kilo ambayo hakuna mtu anakulipa kuibeba. Hiyo ndiyo hoja nzima ya alumini, na ni hoja nzuri. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850. Ya alumini ina kilo 2,700. Muuzaji anakuonyesha hizo namba mbili, anakwambia, "Mzee, hii ni nyepesi mara tatu," na wewe kichwani ushaanza kuhesabu hela.

Mwambie asimame hapohapo.

Kwanza, tairi haziwi alumini. Tairi moja la lori na rimu yake ya chuma ni kama kilo mia. Zako ziko kumi na mbili, hizo ni kilo 1,200 kabla hujagusa kitu kingine. Ekseli ni chuma, springi ni chuma, ngoma za breki ni chuma, na ile pini kubwa inayoingia kwenye sahani ya kichwa ni chuma, lazima iwe chuma. Kinachobadilika ni fremu na bodi tu. Pili, alumini ni laini kwenye kupinda. Chukua boriti mbili za umbo moja na unene mmoja, ya chuma na ya alumini, zibebeshe mzigo uleule: ya alumini itabonyea mara tatu zaidi. Ndiyo maana ukiona tela la alumini lililotengenezwa na mtu anayejua kazi, boriti zake ni ndefu kwenda juu, kina kirefu, na bati nene. Wameongeza nyama kufidia ulaini. Ukimaliza kufidia, ile mara tatu imeshayeyuka, na kwenye tela zima unaokoa tani moja na nusu, tani mbili, pengine mbili na kitu. Si haba. Ila si mara tatu.

Sasa tani mbili hizo zinakufaa nani?

Tumchukue mwenye tangi la mafuta. Kichwa tuseme tani 9, tela la tangi la chuma tani 8 na nusu. Kwenye tani 50 amebakiwa na 32 na nusu za kubeba. Dizeli lita moja ni kama gramu 840, kwa hiyo anapakia lita 38,700 hivi. Akiwa na tangi la alumini la tani 6 na nusu, anapakia tani 34 na nusu, ambazo ni lita 41,000. Tofauti ni lita 2,380 kila safari. Akipiga safari 20 kwa mwaka, amebeba tani 40 za ziada, zaidi ya safari nzima, na hiyo safari hakununua tairi wala hakumlipa dereva posho. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: tangi la mafuta linarudi tupu. Kutoka Lubumbashi mpaka Dar, kama kilomita 2,000, unavuta bati. Kwa hiyo wepesi unamlipa akienda na unamlipa akirudi.

Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hesabu hiyo inasimama kama tangi lenyewe lina nafasi ya hizo lita 41,000. Mwaka jana alikuja ndugu mmoja gereji kwangu, amenunua tangi la alumini lililotumika Ulaya, anang'aa kuliko tangi. Nikamuuliza, lina lita ngapi? Akasema 36,000. Nikamwambia, ndugu yangu, lita 36,000 za dizeli ni tani 30 na kidogo. Tangi la chuma lingebeba hizohizo na mizani isiseme kitu. Na kama ni petroli, ambayo lita yake ni kama gramu 740, ndiyo kabisa, tangi linajaa uzito ukiwa bado mbali. Amelipia wepesi ambao hawezi kuutumia, isipokuwa kwenye dizeli anayookoa akirudi. Akanyamaza. Mtu akinyamaza hivyo unamwagizia soda.

Wazungu hawakutengeneza matangi ya alumini kwa fahari. Huko kwao lori la ekseli tano la kwenda nchi na nchi linaishia tani 40 kwa jumla, kwa hiyo kila kilo wanaipigania, na barabara zao ni kama meza. Tangi lile limezaliwa kwa ajili ya maisha yale. Unapolileta kwetu usidhani limekuja na barabara yake.

Sasa twende kwa wenye flati, lile tela la sakafu bapa, ambao humu ndani naona ndio wengi. Unapanda na salfa kwenda migodini, Zambia na Kongo, unarudi na shaba. Nitasema ukweli hata kama unaniharibia hoja: salfa ikilowa inakula chuma, tena kwa pupa, na alumini ingevumilia zaidi. Lakini angalia safari ya kurudi. Zile sahani za shaba zimefungwa mafungu ya tani mbili, tatu, pembe zake kama panga, na dereva wa foku, ile mashine ya kunyanyulia mzigo, anazitua kama anayetua ugomvi. Sakafu ya alumini inachubuka. Halafu mvua inanyesha, maji yanapita juu ya shaba yanatiririka kwenye alumini, na hapo umetengeneza betri bila kujua. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji, anayeliwa ni alumini. Nimeona sakafu imetobokatoboka vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Mwenye gari akafikiri amemwagiwa tindikali. Hakuna tindikali, ni shaba aliyokuwa anaibeba kwa heshima zote.

Chokaa hivyohivyo, na saruji. Saruji kavu kwenye bowza la alumini haina neno, inabebwa duniani kote. Saruji iliyolowa, ikakaa kwenye kona usiku kucha, inakula. Na lami, ndugu zangu, msijaribu bila kuuliza: inabebwa moto, zaidi ya nyuzi 150, na alumini nyingi za matangi zina magnesiamu ya kutosha kiasi kwamba joto la muda mrefu, hata la nyuzi 65 tu, linaanza kuziharibu kwa ndani. Lami mpe chuma.

Nimekuja na vitu viwili mfukoni. Hiki cha kwanza ni sumaku. Mkienda kwenye yadi za matela yaliyotumika, bebeni. Rangi ya fedha si alumini. Sumaku ikinata, ni chuma, na muuzaji atakwambia alikuwa anatania. Hiki cha pili ni waya wa alumini. Kijana, njoo uupinde. Pinda, rudisha, pinda, rudisha. Mnaona? Umekatika, na hakutumia nguvu yoyote.

Chuma kina huruma moja ambayo alumini haina. Ukikitikisa chini ya kiwango fulani, hakihesabu. Unaweza kukitikisa mara milioni ukakuta kiko vilevile. Alumini inaandika kila mtikisiko kwenye daftari, mdogo kwa mkubwa, haifuti. Siku daftari likijaa, inapasuka. Sasa fikiria barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati la paa, ile inayokufanya hata meno yagongane, kilomita mia mbili. Ni kurasa ngapi hizo zimeandikwa kwa siku moja? Simaanishi kwamba chuma hakipasuki. Mimi nimelea watoto kwa nyufa za chuma. Namaanisha alumini inataka mtengenezaji aliyepiga hesabu na dereva asiyelewa mwendo.

Na nyufa zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Chuma kikipasuka kinalia. Unaona mstari wa kahawia unachuruzika kwenye rangi, kutu inatoka ndani ya ufa kama machozi, hata utingo anaweza kukwambia, "Bosi, hapa pana kitu." Alumini haina kutu. Inapasuka kimya. Kama tela limefungwa kwa ribiti, angalia kichwa cha ribiti: ukikuta kivuli cheusi kinaburuzika nyuma yake kama moshi wa kibatari, hiyo ribiti imelegea, inasugua, na lile vumbi jeusi ni alumini yenyewe inayosagika. Kama ni la kuchomelea, huna budi kutumia rangi ya kutafutia nyufa. Juzi tulikuwa na tangi moja, mwenyewe anasema linadondosha tone moja kwa saa, haoni linakotoka. Tukasafisha pale tangi linapokaa juu ya kitako cha springi, tukapuliza rangi nyekundu, tukaiacha robo saa, tukaifuta pakawa safi kabisa, kisha tukapuliza ile nyeupe kama unga. Dakika mbili hazikuisha. Ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kuliko unywele, urefu wa kidole changu cha kati, unafuata ukingo wa mshono wa zamani. Fundi aliyeuchomelea alipita vizuri juu, ila pembeni palikuwa pamedhoofika.

Hapa ndipo penye mambo. Chuma unachomelea Makambako, unachomelea Tunduma, unachomelea kijijini kwa jenereta, mashine ya kawaida na fimbo za kawaida, na kazi inashika. Alumini inataka gesi ya agoni safi, inataka mashine yake, waya wake, brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, na sehemu isiyo na upepo. Ina ngozi ngumu juu, ile oksidi, inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati nyama ya ndani inayeyuka kwenye 660. Usipoivua ngozi kwanza, ndani itamwagika, huku juu bado imevaa koti.

Mimi hilo nilifundishwa na aibu. Nilikuwa kijana, nimeletewa mlango wa pembeni wa tela umepinda, nikachukua moto wa gesi niupashe ninyooshe. Nimezoea chuma: unakipasha, kinakuwa chekundu, unajua kiko tayari. Nikawa naupasha nangojea wekundu. Nangoja. Hakuna wekundu. Alumini haikwambii. Nikasogeza moto karibu kidogo, na kipande cha ukubwa wa sahani kikadondoka miguuni kwangu kama uji. Bosi wangu hakunigombeza. Alikokotoa bei ya mlango mpya kwa chaki ukutani, akaiacha pale miezi mitatu.

Hata ukichomelea vizuri, kuna kodi. Zile alumini za boriti zilizoimarishwa kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, pembeni mwa mshono zinapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Bati za matangi hazipotezi sana hivyo. Kwa hiyo boriti ya alumini iliyopasuka katikati ya fremu, usikubali fundi akwambie ataichomelea irudi kama mpya. Hairudi. Na tangi, iwe chuma iwe alumini, halichomelewi mpaka lioshwe kwa mvuke na kupimwa kwamba halina gesi. Hili silisemi kwa utani. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, na tumezika wenzetu.

Kutu nitaipitia haraka maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Hapa pwani chuma kisichopakwa rangi vizuri kinaliwa, hakuna ubishi. Alumini peke yake inavumilia hewa ya chumvi. Shida ni pale inapofungwa kwa boliti za chuma, ikakaa uso kwa uso na fremu ya chuma, na chumvi katikati. Hapo tena ni betri, na tena anayeliwa ni alumini. Wekeni mpira au plastiki katikati, na msiruhusu fundi umeme atumie fremu ya alumini kama waya wa kurudishia moto. Kuna anayeuliza kuhusu tela la boti, la kuvutwa na pikapu na kuzamishwa baharini: huyo achukue alumini, au chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto, na aoshe kwa maji yasiyo na chumvi kila akitoka. Kitakachomfia kwanza ni bearingi. Na vijana, chuma cha zinki kisugueni zinki yote itoke kabla ya kuchomelea, ule moshi mweupe unaleta homa usiku. Najua mnakunywa maziwa. Maziwa ni matamu, endeleeni kunywa, lakini hayazuii moshi. Fungueni milango.

Kuna njia ya katikati ambayo muuzaji wa alumini hataitaja wala muuzaji wa chuma cha bei rahisi hataitaja. Ni chuma chenye nguvu kubwa. Chuma laini cha kawaida kinaanza kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 250 hivi, hicho ni kipimo cha nguvu ya chuma. Hiki kiko 700. Kwa hiyo bati linakuwa jembamba na tela linapungua uzito, pengine tani nzima, na linachomelewa kwa vifaa ambavyo fundi wa njiani anavyo. Masharti yake ni mawili. Bati jembamba halina akiba ya kuliwa, milimita moja ya kutu hapo ni msiba, kwa hiyo rangi isikosekane. Na fundi asilipashe kwa moto wa gesi kulinyoosha, maana akishalipasha sana nguvu zile 700 zimeondoka na moshi. Kwa mtu wa flati anayekwenda Kongo na kurudi na shaba, kama ana hela kidogo ya ziada, mimi ningemwambia aziweke hapo. Kama hana, achukue chuma cha kawaida chenye mishono mizuri, alale usingizi.

Aliyeniuliza mlangoni kama alumini inaibwa: inaibwa. Wanunuzi wa skrepa wanailipa kwa kilo zaidi ya chuma, na kuna madereva wameamka Mikese asubuhi wamekuta pembeni hakuna milango. Upande mwingine wa shilingi ni kwamba tela lako la alumini likifa, mzoga wake una bei.

Na yule ndugu wa tangi la lita 36,000, msimcheke, yupo hapa, nimemwona pale safu ya tatu. Tumekubaliana alitumie kwenye petroli, njia ya lami tupu, Dar na Dodoma, asilipeleke kwenye vumbi. Ule ufa wa kidole niliowasimulia ni wa tangi lake. Jumatatu analileta limeoshwa kwa mvuke, na karatasi ya kipimo cha gesi mkononi. Asipokuja na karatasi, ataondoka na tone lake.